Kisima Nacho Kiwe na Daftari

Katika ofisi ya parokia ya kijijini, kinachotunzwa kuliko vyote ni kabati la madaftari. Mna daftari la ubatizo, la kipaimara, la ndoa na la marehemu, aghalabu mengine yakiwa yameshonwa upya baada ya jalada la kwanza kuliwa na mchwa. Desturi hiyo ilikuja na misheni zenyewe, tangu Mapadre wa Roho Mtakatifu walipofungua kituo chao Bagamoyo mwaka 1868. Mtu aliyebatizwa miaka 60 iliyopita akihitaji cheti leo, katekista atapanda kiti, atashusha daftari, atapitisha kidole kwenye safu ya majina na kumpata, pamoja na jina la msimamizi wake. Sasa toka nje ya ofisi hiyo, zunguka nyuma ya kanisa mpaka kwenye pampu ya mkono yenye kibao cha jina la mfadhili, kisha uliza: washa ya pistoni ilibadilishwa lini? Mwezi uliopita zilichangwa shilingi ngapi? Pampu ilipoharibika mara ya mwisho, ilikaa siku ngapi bila kutoa maji? Mara nyingi hakuna ajuaye. Tarehe pekee iliyoandikwa ni ile iliyochorwa kwenye saruji mbichi siku ya uzinduzi.

Naona tofauti hiyo baina ya kabati na kisima inaeleza sehemu kubwa ya shida ya maji vijijini. Parokia nyingi huamini kwamba msaada wao mkubwa kwa watu wenye kiu ni kutafuta mfadhili wa kisima kipya. Hoja yangu ni kwamba huko siko nguvu yao iliko. Parokia ni fukara wa fedha za kuchimba, lakini ina kitu ambacho miradi ya maji imekikosa kwa nusu karne: inajua kukusanya vijisenti kila wiki, kuviandika, kuvitolea hesabu mbele ya watu, na kubaki pale pale wageni wanapoondoka. Basi kazi yake iwe matunzo. Ijipime kwa siku ambazo maji hayakutoka, na ihesabu visima ilivyozindua baadaye, kama kuna haja.

Takwimu zinaunga mkono mwelekeo huo. Uchambuzi wa Benki ya Dunia uliochapishwa mwaka 2019, uliotumia kumbukumbu za vituo vya maji Tanzania za mwaka 2016, ulikuta karibu vituo 3 kati ya 10 havitoi maji, na moja ya tano ya hivyo vilivyokufa ilikuwa imekufa kabla ya kutimiza mwaka mmoja. Miaka 10 kabla ya hapo, mtandao wa kimataifa wa wataalamu wa maji vijijini ulikadiria kwamba zaidi ya theluthi ya pampu za mkono katika nchi za Afrika kusini mwa Sahara zilikuwa hazifanyi kazi. Pampu inayokufa ikiwa na miezi minane haijazeeka. Ama kisima kilichimbwa vibaya na hakuna aliyekuwapo kukataa kazi mbovu, ama kilichimbwa vizuri na kifaa kidogo kikachakaa bila mtu wa kukibadilisha. Katika hali zote mbili kilichokosekana ni mwangalizi. Tafsiri yake kwa mchangiaji wa sadaka ni ngumu kidogo kumeza: mahali ambapo pampu 3 kati ya 10 zimelala, njia ya haraka na rahisi ya kuongeza maji ni kuamsha hizo 3, hata kama hakuna utepe wa kukata.

Historia nayo inafundisha jambo hilo hilo. Mwaka 1971 TANU, chama tawala cha Tanzania Bara wakati huo, ilipitisha mpango wa miaka 20: kufikia mwaka 1991 kila kaya ya kijijini ipate maji safi ndani ya mita 400. Nia ilikuwa njema, na wafadhili walikuja kwa mikoa: Waholanzi Shinyanga na Morogoro, Wafini Mtwara na Lindi, Waswidi kanda ya Ziwa. Visima vikachimbwa kwa maelfu. Lakini maji yalitolewa bure, matengenezo yalikuwa mzigo wa serikali peke yake, na uchumi ulipoyumba mwishoni mwa miaka ya sabini, gari la fundi wa wilaya lilikosa mafuta na ghala likakosa vipuri. Mwaka 1991 ulipofika lengo lilikuwa mbali, na sera mpya ya mwaka huo ikaanza kuzungumzia uchangiaji. Sera ya Maji ya mwaka 2002 ikaweka umiliki mikononi mwa jamii, na Sheria ya mwaka 2019 ikaanzisha RUWASA, wakala wa maji vijijini, na kuvipa vyombo vya watumia maji ngazi ya jamii wajibu wa kuendesha miradi. Miaka 50 tumebadili mmiliki: serikali, kijiji, jumuiya, wakala. Swali dogo la nani anakuja na spana asubuhi ya siku ambayo maji hayatoki limebaki na majibu mepesi.

Hebu tulitazame kwa karibu, maana pampu yenyewe ni shahidi mzuri. Sera ya mwaka 2002 ilitaka kituo kimoja kihudumie watu 250, kila mtu apate lita 25 kwa siku. Hizo ni lita 6,250, yaani zaidi ya ndoo 300 za lita 20. Pampu ya mkono yenye afya hutoa takriban lita 800 hadi 1,000 kwa saa, kutegemea kina, hivyo ili kutimiza sera inapaswa kupigwa saa sita mpaka nane mfululizo, kila siku, Jumapili ikiwemo. Ndoo moja huchukua mipigo 60 na zaidi. Kwa siku ni mipigo inayokaribia 20,000. Kila mpigo, kipande cha mpira kisichozidi kiganja, ndiyo washa yenyewe, kinasugua ukuta wa silinda chini ya ardhi. Kikichakaa, maji hayakatiki ghafla. Kwanza mama anaona ndoo inachelewa kujaa. Kisha, valvu ya chini nayo ikianza kuvuja, mtu wa kwanza alfajiri anapiga mipigo 30 kabla ya tone la kwanza, kwa sababu maji yameshuka usiku. Foleni inarefuka, watoto wanarudi mtoni, na michango inakoma kwa kuwa hakuna anayetaka kulipia pampu mbovu. Siku pampu inapotangazwa kufa, imekwisha kuugua miezi.

Kifo hicho hakikuwa lazima. Pampu aina ya Afridev, iliyobuniwa Afrika katika muongo wa maji wa Umoja wa Mataifa wa mwaka 1981 hadi 1990, ilitengenezwa makusudi ili wanakijiji waitengeneze wenyewe: hufunguka kwa spana moja, na valvu ya chini huvuliwa kwa ndoano ndefu bila kung'oa mabomba. Maelekezo yake yanataka washa na vipande vingine vidogo vya mpira na plastiki vibadilishwe kila mwaka, viwe vimechakaa au havijachakaa. Usipoziba ufa utajenga ukuta, na hapa ufa una upana wa washa. Wabunifu walidhani kwamba wakirahisisha ufundi, matunzo yatakuja yenyewe. Hayakuja. Spana ilikabidhiwa kwa kamati, kamati ikamaliza muda wake, mwenye spana akahamia mjini. Ikadhihirika kuwa urahisi wa kufungua pampu haumpi mtu sababu ya kuifungua kabla haijaharibika.

Jaribio lililofanyika Kyuso, Kaunti ya Kitui nchini Kenya, linaonesha sababu hiyo inavyoweza kupatikana. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Oxford walifunga ndani ya mipini ya pampu vifaa vidogo vinavyotuma ujumbe wa simu kila pampu inapotumika, kisha wakaweka timu ya mafundi wa kwenda mara ujumbe unapokoma. Kabla ya hapo pampu iliyoharibika ilikaa wastani wa siku 27 bila kutengenezwa. Baada ya hapo, chini ya siku 3. Pampu zilikuwa zile zile, na watu wale wale. Kilichobadilika ni kwamba mtu fulani alijua, na kujua kwake kulikuwa kazi yake ya kulipwa. Kutokana na jaribio hilo ilizaliwa huduma ya mafundi iitwayo FundiFix, inayofanya kazi Kitui na Kwale. Funzo la pili ni la hesabu: fundi wa namna hiyo hawezi kuishi kwa pampu moja. Anahitaji makumi ya vituo ili mchango mdogo wa kila kimoja umtoshe yeye, pikipiki yake na sanduku la vipuri. Kijiji ni kidogo mno kumbeba, na wilaya ni kubwa mno kumwona akichelewa.

Hapo ndipo parokia inapoingia, na inaingia kwa ukubwa wake kabla ya imani yake. Parokia ya kijijini ina vigango kadhaa vilivyosambaa katika vijiji vingi, na padre anavizungukia kwa zamu. Chini ya kigango kuna jumuiya ndogondogo, ambazo maaskofu wa Afrika Mashariki walizifanya kipaumbele cha kichungaji mwaka 1976: familia chache za jirani zinazokutana kila wiki, zenye mwenyekiti, katibu na mhazini. Walutheri wana usharika na mitaa yake. Huu ni mfumo wa habari ambao hakuna mradi wa maji ungeweza kuugharimia. Habari ya pampu iliyoanza kuchelewesha ndoo inaweza kutoka jumuiya Jumatano, ikafika kigango Jumapili, na fundi akawa njiani Jumatatu. Vipuri vinaweza kukaa makao makuu ya parokia, kwenye duka lile lile linalouza mishumaa na vitabu vya nyimbo. Mfumo huo upo, na unatembea kwa miguu yake. Haujawahi kuulizwa habari za maji.

Kama mtu anataka ushahidi kwamba taasisi ya kanisa inaweza kudumu na maji kwa muda mrefu, aende Meru, Kenya. Mradi wa Maji wa Tuuru ulianza mwishoni mwa miaka ya sitini kwa haja ndogo: kituo cha watoto waliopooza kwa polio hakikuwa na maji. Bradha Giuseppe Argese, Mkonsolata kutoka Italia, alipanda kwenye msitu wa Nyambene, mahali ukungu unapogota kwenye miti na kudondoka, akachimba njia za chini ya ardhi za kuyakusanya maji hayo, kisha akayashusha kwa mserereko kuelekea nyanda kavu za chini. Miongo ikapita, mabomba yakaendelea kunyooshwa, na maji yaliyotafutwa kwa ajili ya watoto wachache yakaja kutumiwa na watu zaidi ya laki mbili. Watu husifia werevu wa kuvuna ukungu, na unastahili sifa. Mimi nasifia kitu kingine: yule bradha hakuondoka. Aliishi Mukululu, karibu na chanzo, miaka nenda miaka rudi, na kwa kukaa kwake bomba lililopasuka lilikuwa na mtu wa kuambiwa. Hatuwezi kumpata Argese kwa kila parokia, wala haifai kungoja aje mtu wa namna hiyo. Tunachoweza ni kuifanya taasisi ikae kama alivyokaa yeye.

Wala wazo la kufungamanisha maji na matunzo yake si la Wakristo peke yao katika eneo letu. Waislamu wa pwani wamelijua kwa karne nyingi kwa jina la wakfu. Aliyetaka thawabu za kudumu hakuishia kuchimba kisima cha msikiti. Aliweza kuweka wakfu shamba la minazi au nyumba ya kupangisha, mapato yake yagharimie ukarabati wa jengo, kisima na birika vizazi baada ya vizazi. Aliyebuni hivyo alielewa kwamba sadaka isiyo na chakula chake itakufa. Linganisha na mradi wa leo unaojengwa kwa mamilioni ya fedha za nje bila hata shilingi moja iliyotengwa kwa mwaka wa pili. Parokia zina mashamba, mashine za kusaga na nyumba za kupangisha. Ekari moja ya alizeti iliyotengwa kwa ajili ya vipuri ingefanya zaidi ya harambee tatu.

Lakini tusidhani kwamba pampu ikipona, kazi imekwisha, kwa kuwa hakuna anywaye maji kutoka kwenye pampu; watu hunywa kwenye kikombe. Busia, magharibi mwa Kenya, Michael Kremer, aliyekuja kupata Tuzo ya Nobel ya uchumi mwaka 2019, na wenzake walipima chemchemi zilizojengewa na kulindwa. Kwenye chanzo, uchafuzi wa kinyesi ulipungua kwa asilimia 66. Nyumbani, katika maji yale yale, ulipungua kwa asilimia 24 tu, na kuhara kwa watoto kukapungua kwa takriban robo. Uchafu uliondolewa chemchemini ukarudi njiani: kwenye dumu lisilosuguliwa, kwenye jani lililowekwa juu ya ndoo ili maji yasimwagike, kwenye kata ambayo kila mkono wa nyumba huitumbukiza mtungini. Kutokana na hilo likaja wazo la kuweka pipa dogo la klorini hapo hapo kisimani, mtu azungushe koki, tone liingie kwenye ndoo, na njia ya kurudi nyumbani iwe ndiyo muda wa dawa kufanya kazi na wa kuchanganyika. Klorini hiyo ilitumiwa na kaya nyingi zaidi kuliko ile ya dukani. Kuna aina moja ya uchafu, hata hivyo, isiyosikia klorini wala moto: floraidi. Katika Arusha, Kilimanjaro, Manyara, Singida na Bonde la Ufa la Kenya maji maangavu yanaweza kuzidi miligramu 1.5 kwa lita, kiwango cha Shirika la Afya Duniani, na kuchemsha huyafanya yawe makali zaidi kwa kuwa maji hupungua na floraidi hubaki. Jimbo Katoliki la Nakuru limejenga utaalamu wa kuichuja kwa mkaa wa mifupa. Kisima cha ukanda huo kipimwe maabara kabla ya kubarikiwa.

Usafi, tena, hautokani na ubora wa maji pekee. Wingi wake nao ni dawa. Katika nyanda za Mueda, kaskazini mwa Msumbiji, nchi ya Wamakonde, watafiti wa miaka ya themanini walilinganisha kijiji chenye bomba na kingine ambacho wanawake wake walitembea kilomita kadhaa. Wa mbali walitumia takriban lita 4 kwa mtu kwa siku, wenye bomba takriban 11, na sehemu kubwa ya tofauti hiyo ilikwenda kwenye kuoga, hasa kuwaogesha watoto, na kufua. Lita 4 zinatosha kunywa na kupika ugali. Hazitoshi kunawa uso wa mtoto. Kule Kongwa, mkoani Dodoma, utafiti wa miaka mingi juu ya trakoma ulionesha kuwa uso safi wa mtoto hupunguza ugonjwa huo unaopofusha. Hivyo siku 27 za pampu iliyolala zina maana pana kuliko kiu: kaya inarudi kwenye lita 4, na kinachokatwa kwanza ni kunawa. Matunzo ya pampu ni kazi ya afya kama ilivyo chanjo.

Na choo? Choo kinafuata kanuni ile ile. Mwaka 1973 kampeni ya Mtu ni Afya nchini Tanzania iliwakusanya watu wazima wapatao milioni 2 katika vikundi vilivyosikiliza redio pamoja, vikajadili, kisha vikaenda kuchimba vyoo na kufyeka madimbwi. Mafanikio yake hayakutokana na redio peke yake. Yalitokana na majirani kukaa duara na kuulizana nani hajachimba. Kampeni ya Nyumba ni Choo ya miaka ya karibuni imelirudisha jambo hilo mezani. Hata hivyo choo cha shimo kina adui zake: magogo ya sakafu huliwa na mchwa, udongo wa kichanga hubomoka masika, shimo hujaa. Kaya iliyohesabiwa kuwa na choo mwaka huu inaweza kuwa vichakani mwakani, na takwimu za kata zisijue. Jumuiya inayokutana wiki hii kwa mama fulani na wiki ijayo kwa baba fulani inaingia katika kila ua mara kadhaa kwa mwaka. Haihitaji fomu ya ukaguzi ili ione kwamba kibuyu chirizi cha kunawia mikono hakina maji, au kwamba bibi anayeishi peke yake ana shimo lililobomoka na hana wa kumchimbia jingine. Vijana wa kwaya wanaweza kulimaliza shimo hilo kwa Jumamosi mbili.

Wapo watakaosema sayansi yenyewe imetilia shaka haya yote, na pingamizi hilo si la kupuuza. Utafiti mkubwa uliofanyika Bungoma, Kakamega na Vihiga, magharibi mwa Kenya, na kuchapishwa mwaka 2018 ulizipa kaya klorini, vyoo vilivyoboreshwa na vifaa vya kunawia mikono, na kuhara kwa watoto hakukupungua. Lakini matokeo hayo tuyasome yalivyo. Huduma zilielekezwa kwenye kaya zenye watoto wachanga, huku maisha mengine ya kijiji, kuku uani na watoto wa jirani wakiwemo, yakiendelea kama kawaida. Na utumiaji wa klorini ulikuwa mdogo. Katika Bangladesh, ambako utafiti pacha ulifanywa kwa wahamasishaji waliotembelea nyumba mara nyingi zaidi, kuhara kulipungua. Ninachosoma hapo ni kwamba kugawa vifaa hakutoshi. Kinachohitajika ni kijiji kizima kwa pamoja na mtu wa kurudi wiki hadi wiki, na hilo ndilo jambo ambalo jumuiya hulifanya bila kulipwa posho.

Pingamizi la pili ni la dhamiri: maji ni zawadi ya Mungu, Umoja wa Mataifa uliyatambua kuwa haki ya binadamu mwaka 2010, na Papa Fransisko alisema hivyo hivyo katika waraka wake wa Laudato Si' wa mwaka 2015, vipi kanisa limtoze maskini? Nakubali msingi wake. Mvua ni bure. Washa ina bei. Tulipojaribu kuificha bei hiyo baada ya mwaka 1971, maskini ndiye aliyeilipa, kwa miguu yake na kwa macho ya watoto wake. Tuchukulie pampu ya watu 250, kaya kama 50: kila moja ikitoa shilingi 1,000 kwa mwezi, kwa mwaka zinapatikana 600,000. Wasioweza hata hiyo wapo, na jumuiya inawajua kwa majina kuliko afisa yeyote. Mchango wao utoke kwenye kapu la maskini, kimyakimya, bila kumsimamisha mtu foleni aombe msamaha wa buku. Klorini, kwa upande mwingine, isiuzwe. Uzoefu wa Busia umeonesha kwamba ikitozwa hata bei ndogo wengi huiacha, kwa sababu faida yake haionekani kwa macho, ilhali pampu iliyokufa kila mtu anaiona. Basi tutoze kile ambacho watu wako tayari kukilipia, na tugawe kile ambacho bei hukiua.

La tatu ni la mamlaka: hii ni kazi ya RUWASA, na kijijini hawaishi Wakatoliki peke yao. Pingamizi hili ndilo lenye nguvu zaidi, na linaweka mipaka ya hoja yangu badala ya kuivunja. Parokia isimiliki mradi sambamba na chombo kinachotambuliwa na sheria. Kisima chake kisajiliwe, fedha ziingie kwenye akaunti ya chombo hicho, na parokia ilete watunza hesabu, habari na mahali pa kuhifadhi vipuri. Kamati iwe na Mwislamu, Mlutheri na asiyesali popote, na hesabu zisomwe kanisani, zibandikwe msikitini na kwenye ofisi ya kijiji. Kuna atakayeguna kwamba hata fedha za kanisa huliwa. Huliwa, ndiyo. Kinachozipunguzia walaji ni mwanga, na kanisa lina dakika za mwanga kila Jumapili: wakati wa matangazo. Tunapotangaza wachumba Jumapili tatu mfululizo ili mwenye kizuizi ajitokeze, tunaweza pia kutangaza mapato ya pampu, matumizi yake na salio, na mwenye neno aseme. Serikali haipokonywi kitu hapo. Inapata watu wa kuiuliza kwa nini bomba kuu limekauka, wakiwa na tarehe mkononi.

Anabaki mfadhili, ambaye inasemekana hataki kusikia habari za washa. Sina hakika kama tumewahi kumwambia. Tunamwandikia barua za kisima kipya kwa kuwa ndizo barua tulizozoea kuandika, na picha za watoto wakirusha maji ndizo tunazozijua. Parokia inayoweza kuonesha kwamba pampu zake 12 zililala jumla ya siku 20 mwaka mzima ina hoja ambayo mfadhili makini hajawahi kuisikia kwa wanaomwomba wengine. Na ile isiyoweza kueleza kisima chake cha kwanza kina hali gani, haistahili cha pili.

Hatua ya kwanza haihitaji mfadhili. Daftari gumu la mistari, lenye safu tano: tarehe, kilichoharibika, aliyetengeneza, shilingi zilizotumika, siku zilizopita bila maji. Likae kabati lile lile, chini ya ufunguo ule ule. Sheria ya Kanisa inamtaka askofu, au mwakilishi wake, ayakague madaftari ya parokia anapoitembelea. Basi siku anapokuja kutoa kipaimara, na baada ya kukagua la ubatizo na la ndoa, awekewe na hili mbele yake. Akikuta pampu ya kigango cha mbali ililala siku 27, asiulize kwanza habari za ukarabati wa mnara wa kengele. Aulize fundi alikuwa wapi.